Nguchiro na Ngoma ya Kila Jambo

Nije nisije?
— Njoo!
Nije na nini, mkono mtupu?
— Njoo na kisa, masikio tunayo!

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa wakichimba lambo la kuhifadhi maji ya mvua. Asubuhi moja Nguchiro alikunywa uji, akaosha bakuli lake moja, akaenda kazini. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida kutokea siku hiyo.

Nguchiro alikuwa msimamizi. Twiga alisimamisha nguzo na kutazama mvua milimani. Fuko alichimba handaki la kupitishia maji, chini kabisa.

Zamani mke wa Nguchiro, ambaye wote walimwita Mama, ndiye aliyepeleka habari. Vipimo alivifunga mafundo kwenye kamba, akaitundika kazini kila mtu aishike. Mwenye kosa alimfuata alipo, wakanong'ona. Kukiwa na hatari, alikanyaga ardhi mara tatu mlangoni pa handaki, na Fuko akatoka mbio. Sasa mke alikuwa amefariki. Kamba ilining'inia nyumbani ukutani, na Nguchiro alibaki na ngoma.

Basi akapiga ngoma. Ndi! Ndi! Ndi! Wote wakaacha kazi wakaja. Fuko akatokeza na udongo puani.

"Kuna nini, mkubwa?"

"Nani ameona karai langu?"

"Umelikalia," akasema Twiga.

Wakarudi kazini. Jasho halijakauka, ndi! ndi! ndi! Wakaja tena.

"Fuko! Handaki liende hatua kumi na saba, likate kona kushoto, liende tisa, lishuke nne, kisha kulia hatua ishirini na moja!"

"Hebu rudia, mkubwa."

"Nimeshasema!"

Fuko akaondoka akihesabu kwa vidole. Kufika mlangoni, hesabu yote ilikuwa imemtoka.

Mara ya tatu, ndi! ndi! ndi!

"Twiga! Nguzo zako zimepinda kama shingo yako!"

Wakacheka wote. Twiga hakucheka. Alikwenda kusimama kando, akaipa milima mgongo.

Ndiyo maana hakuiona mvua. Alipogeuka, maji yalikuwa yameshaingia bondeni, mekundu, yakibeba magogo.

"Maji! Maji yanakuja!"

Nguchiro akapiga ngoma. Wengine walipanda ukingoni. Fuko hakutoka. Nguchiro akapiga tena, akapiga mpaka ngozi ikapasuka. Maji yalikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni pa handaki.

Nguchiro akaitupa ngoma. Akakimbilia mlangoni, akakanyaga ardhi. Moja. Mbili. Tatu.

Udongo ukatikisika. Fuko akachomoka kama jiwe la kombeo, na nyuma yake handaki likameza maji, likaporomoka.

"Mama yuko wapi?" akauliza Fuko, akihema. Kisha akakumbuka. "Ah. Ni wewe."

"Ngoma hukuisikia?"

"Niliisikia, mkubwa. Nikajua karai limepotea tena."

Nguchiro akaiokota ngoma iliyopasuka.

Kesho yake asubuhi alikunywa uji, akaosha bakuli. Akaishusha kamba ukutani. Akafungua mafundo ya zamani, akafunga vipimo vya handaki jipya. Fundo moja la mwisho la mkewe hakulifungua. Kamba akaitundika kazini, Fuko akaipapasa, akatikisa kichwa kukubali. Ngoma akaitia ngozi mpya, akasema, "Hii ni ya hatari tu."

Kisha akamwendea Twiga kwa miguu, peke yake.

"Sema, nakusikia," akasema Twiga kutoka huko juu.

"Hili si la kupaza sauti. Inama, ndugu yangu."

Twiga akaitazama milima kwanza. Halafu akainama.

Ndiyo hivyo, wasikilizaji wangu: hatari itangazieni wote, vipimo viwekeni mahali pa kuonekana, na lawama, sawa na ombi la msamaha, mpelekeeni mtu mwenyewe alipo.

Kisa changu kimefika kizingitini. Aliye na chake, akifungulie mlango.