Mzigo wa Mwisho wa Mwana Mizi

Saa tatu asubuhi, magunia sita ya mdalasini yalianguka katika bandari ya Kitundu. Wapagazi walijikwaa kwenye kamba iliyofukiwa mchangani. Mkuu wa bandari, Mwinyi Dumila, alikuwa tayari ameshaleta punda.

"Kinachogusa mchanga wangu ni changu," alisema. "Pole, mama."

Mwana Mizi, mwenye magunia, alitazama jasho lake la mwaka mzima likipakiwa juu ya punda na kupelekwa nyumbani kwa Mwinyi.

"Kila kitu, Mwinyi?"

"Kila kitu."

"Hata mzigo alioagiza mfalme wa ng'ambo? Bado umo chomboni."

Mwinyi alilamba midomo. "Uteremshe! Na ukithubutu kuurudisha, nitakufunga."

"Mmemsikia wenyewe, jamani," Mwana Mizi aliwaambia wapagazi, akapanda chomboni na kufungua tundu.

Nyani ishirini waliruka mchangani, wakaingia jikoni kwa Mwinyi. Mmoja alitoka amevaa kilemba chake.

"Waondoe, wewe mwanamke!"

"Niguse mali yako nifungwe? Tena hawa hufuata harufu ya mdalasini tu, na mdalasini ni wako."

Kufikia adhuhuri magunia yote sita yalikuwa yamerudi chomboni. Mwinyi aliyabeba mwenyewe, akiiruka kamba yake kila safari, na nyani ishirini nyuma yake.