Mlio wa Kigari cha Zuberi

Hapo zamani, tena si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na fundi mmoja katika shamba la mkonge, njia ya Korogwe. Jina lake Mbelwa. Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mwishoni nina swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mzee Mbelwa alikuwa na maradhi ya kukusanya. Wenzake walikusanya mbuzi, yeye alikusanya vigari. Msicheke. Vilikuwa vigari vya kuchezea, lakini vyenye injini ya kweli, injini ndogo kama yai la kuku, haina plagi wala betri. Nyuma ya injini kuna pangaboi la mbao, kama la ndege, na upepo wa hilo pangaboi ndio unaosukuma kigari. Kinafungwa waya kwenye nguzo, unalipiga pangaboi kwa kidole, kinawaka, kinaizunguka nguzo mbio mpaka mafuta yaishe. Wazungu waliokuwa mafundi wa karakana walivishindanisha siku za Jumapili. Walipoondoka waliviacha kwenye vyuma chakavu, na mzee akaviokota kimoja kimoja. Kimoja alikikuta kinazuia mlango wa stoo. Kingine alikikuta kuku amekitagia. Akavitoa kutu, akavichongea vilivyopungua, akavipiga rangi, vikafufuka. Vilifika sita.

Cha sita, chekundu, alikitengeneza pamoja na mwanawe Zuberi, kitindamimba wake. Hakikuwa na pangaboi, kwa hiyo Zuberi akachonga jipya kwa kisu, kipande cha mninga. Alikuwa na miaka kumi na tisa na papara za miaka kumi na tisa, bawa moja likatoka nene kuliko la pili. Basi kigari kikiwaka hakikulia sawasawa kama vingine. Kililia trrr-ta, trrr-ta, kama mtu mwenye kigugumizi anayewahi kusema jambo zuri. Watu walicheka. Zuberi alicheka kuliko wote.

Mwaka uleule Zuberi akashikwa na homa, siku nne tu, akafa. Baba yake akakitia kigari chekundu kabatini, akafunga. Miaka kumi na mmoja hakukiwasha.

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu, na ukungu ukawa giza. Akasema, sawa, bado nina masikio. Alivijua vigari vyake vyote kwa mlio. Lakini siku moja alihisi ndege wamepunguza kelele, akapelekwa kwa daktari mjini, na daktari hakumficha: "Masikio nayo yanakwenda, mzee. Miezi miwili. Ikizidi sana, mitatu."

Mzee alirudi akawaita watu wake watatu. Mhina, mwanawe mkubwa, fundi wa matrekta. Sihaba, binti yake, aliyempikia na kumshika mkono njiani. Na Abedi, mwana wa dada yake, fundi saa.

"Wanangu," akasema, "macho nimeshayazika, masikio nayo yanaaga. Sitaki kitu kingine. Niwashieni kigari cha Zuberi nikisikie. Mara moja tu. Halafu kije kinachokuja."

Lakini injini ilikuwa imeganda. Mafuta ya vigari vile yanachanganywa na mafuta ya nyonyo, na nyonyo ikikaa miaka ndani ya injini inakuwa gundi. Dawa yake ni moto wa pole. Unaifukia injini kwenye mchanga wa moto, unaitoa, unaidondoshea mafuta ya taa, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka gundi ilegee yenyewe. Ukitumia nguvu unavunja. Hilo wote watatu walilijua, mzee mwenyewe aliwafundisha.

Mhina ndiye aliyeanza kazi. Siku nne alifukia na kufukua. Asubuhi ya tano alisimama mlangoni kwa baba yake, akasema, "Shikamoo baba." Kimya. Akasema tena, "Shikamoo baba." Mzee amekaa palepale, uso umeelekea mlangoni, hakuitika. Mhina akadhani masikio yameshakwisha. Akarudi mbio karakana, akachukua koleo, akaibana injini pale penye pangaboi, akasokota.

Tak.

Ndani mle kuna kijiti kinachoshika pistoni, mafundi wanakiita konrodi. Ndicho kilichovunjika. Mhina hakungoja hata dakika. Alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake, akamsemea sikioni: "Baba, nimeivunja mimi. Abedi aliniambia nisubiri, sikusubiri."

"Vizuri umeniambia," mzee akasema, na akageuzia uso ukutani.

Kazi ikaenda kwa Abedi. Huyu Abedi saa zake hazikupotea hata dakika, ila yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Akachukua kipande cha shaba, akaanza kuchonga konrodi mpya. Ya kwanza akaitupa, tundu limezidi unywele. Ya pili akaitupa, imepinda pasipoonekana.

Wiki ile mzee akapoteza sauti za ndege zote. Akauliza, "Abedi, bado?"

"Bado kidogo, mjomba."

Wiki iliyofuata akapoteza mchi wa jirani. "Abedi, bado?"

"Bado kidogo, mjomba!"

Wiki iliyofuata adhana ikawa inamfikia kama inatoka kijiji cha pili, na msikiti uko pale nyuma ya nyumba. "Abedi, bado?"

"BADO KIDOGO, MJOMBA!"

Mhina alimjia juu. "Weka hiyo hiyo uliyonayo! Izunguke dakika moja ivunjike. Tunataka dakika moja tu!"

"Ivunjike na silinda?" Abedi akasema, hakuinua hata kichwa. "Kitu cha marehemu sikitengenezi kwa kubahatisha. Mjomba hakunifundisha hivyo."

Na Sihaba je? Sihaba alikuwa na chakula mkononi siku alipomkuta baba yake uani. Mzee alikuwa akiliziba sikio kwa kiganja na kuliachia, akiziba na kuachia, apime kama kuna tofauti. Machozi yanamtiririka, na mkono hauachi kuziba na kuachia. Sihaba akaweka sahani chini. Akaenda kabatini, akatoa kigari cha kijani, kizima, kinachowaka. Akachukua kisu cha jikoni, akalikwangua bawa moja la pangaboi mpaka likawa jembamba kuliko la pili. Binti wa fundi, jamani, alijua anachokifanya.

Akamshika baba yake mkono mpaka uwanja wa saruji mbele ya ghala la singa, zile nyuzi za mkonge, akamkalisha kitini. Akamsemea sikioni: "Baba, Abedi amemaliza!" Akafunga waya, akapiga pangaboi kwa kidole.

Trrr-ta, trrr-ta, trrr-ta.

Mzee akasimama. Akawa anageuka na mlio, unakoenda naye anaelekeza uso huko, huku amenyoosha mikono. "Zuberi!" aliita. "Polepole, mwanangu! Polepole, utaanguka!" Sihaba akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Dirishani kwake Abedi aliusikia mlio ule, akaujua ni wa kigari gani, na akaiinamia tupa yake bila kusema neno.

Siku tatu mzee alikuwa mtu mwingine. Alikula. Aliomba kunyolewa. Alimshika kila jirani bega na kumwambia, "Nimemsikia mwanangu. Sasa masikio yaende, nimeyapa ruhusa." Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, akaenda msikitini, na baada ya sala akawaomba watu wamshukuru Mungu pamoja naye kwa neema ile. Watu wazima wakainua mikono. Mhina alikuwa safu ya nyuma yake, na mikono yake ikakataa kuinuka.

Njiani kurudi akashindwa. Alimsimamisha baba yake, akaweka mdomo sikioni, akapiga kelele: "Baba! Kile si cha Zuberi! Ni cha kijani! Cha Zuberi bado kibovu, nami ndiye niliyekivunja!"

"Sema tena," mzee akasema.

Akasema tena.

"Sema tena."

Akasema tena, analia, watu wamesimama barabarani wanawatazama.

"Basi, mwanangu. Nimesikia."

Asubuhi ya pili king'ora cha kiwanda kikalia, kile kinachoamsha shamba zima, na mzee akauliza, "Leo kiwanda kimefungwa?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hapakuwa tena na pa kupitishia jibu. Maneno ya mwisho kuingia katika masikio yale yakawa ni yale ya barabarani.

Mzee akakata tamaa, nasema hivyo hivyo bila kupamba. Chakula alikisukuma. Kuzungumza naye kukabaki kwa mkono tu, kama alivyopanga mwenyewe: anauliza kwa mdomo, unambana kiganja mara moja kuwa ndiyo, mara mbili kuwa siyo. Basi. Dunia nzima ya mtu imekuwa ndiyo na siyo. Na hata hiyo ilimchanganya. Aliuliza, "Bado mnanipenda?" mikono miwili ikamkimbilia kwa pamoja, mmoja umebana, wa pili unabana, akahesabu mara mbili, akaamini ni siyo.

Siku ya tano tangu barabarani, mchana, Abedi akaja na kigari chekundu. Amemaliza. Akakifunga kwenye nguzo pale uwanjani, wakamleta mzee wakamkalisha karibu. Abedi akapiga kidole mara moja tu, na injini iliyolala miaka kumi na mmoja ikawaka.

Ikalia vizuri. Mlio mmoja, mwembamba, ulionyooka, hauna kasoro.

Sihaba na Mhina wakatazamana. "Abedi," Sihaba akasema, "kigugumizi kiko wapi?"

"Bawa lile nene ndilo lingeivunja konrodi tena," Abedi akasema. "Nimelisawazisha. Sasa kitaishi miaka hamsini."

Mzee hakusikia hayo. Alichopata ni upepo: kila kigari kilipopita, ulimpiga miguuni. Akajua kimewaka. Akanyoosha kiganja mbele yake.

"Nauhisi," akasema. "Niambieni jambo moja. Kinalia kama alivyokiacha mwanangu?"

Mikono mitatu ikaenda, na mzee akarudisha wake haraka kifuani.

"Mmoja! Mikono mitatu inanichanganya. Chagueni mmoja, anijibu, na huyo ndiye awe mkono wangu mpaka nife. Atakaloniambia huyo ndilo nitakalolijua. Chagueni nyinyi, mimi sina tena cha kuchagulia." Akakinyoosha kiganja upya.

Hapo ndipo wakaanza, juu ya kichwa cha baba yao, na kigari kinazunguka.

Mhina akasema: "Ni mimi. Nimemvunjia kitu chake, kweli, na nikamwambia siku ileile. Nyinyi mmoja alimdanganya na mmoja alikaa kimya. Mtu ambaye dunia yake ni kiganja, mtamwekea mkono wa mwongo?"

Sihaba akasema: "Na ukweli wako ulimpa nini? Mimi nilimpa siku tatu. Katika miaka hii yote, nani mwingine alimpa hata moja? Ukaja ukazichukua zote, ukamwachia kelele yako ndiyo aondoke nayo. Sasa hivi utambana mara mbili, na utamuua hapa hapa kitini."

Mhina akasema: "Wewe utambana mara moja."

"Nitambana mara moja," Sihaba akasema, "na kesho nitambana mara moja, na kila siku. Atakula."

"Atakula uwongo," Mhina akasema, "na moyoni ataujua, kwa sababu mara ya kwanza uliomdanganya ni mkono huo huo."

Abedi akasema: "Mjomba aliomba kigari cha Zuberi kiwake. Nani amekiwasha? Wewe uliharibu, wewe ulighushi. Mimi sikuharibu wala sikughushi."

"Umemwashia nani?" Sihaba akamuuliza. "Sisi wenye masikio?"

Abedi alikitazama kigari, alitazama lile pangaboi lililosawazika, na mara ya kwanza katika maisha yake akaonekana mtu aliyechelewa na anayejua amechelewa. Lakini alipofungua mdomo alisema: "Nipeni siku mbili. Nitachonga jingine, bawa moja nene kama alivyolichonga Zuberi, na konrodi ya kulistahimili. Ndipo nimbane mara moja, na itakuwa kweli."

"Siku mbili," Mhina akasema, na akakaa chini kwenye saruji, akashika kichwa.

Mafuta yakawa yanakwisha. Kigari kikapunguza mwendo, upepo ukawa unamfikia mzee kwa shida. "Mbona hamnijibu?" akauliza. "Nimewauliza zamani. Kuna mtu hapo?" Na kiganja chake kipo palepale, kimefunguka, hakuna kitu juu yake.

Basi nami naishia hapo, kwa sababu kilichofuata sikijui na nikikijua sitaki kukisema. Haya, nyinyi mliosikia neno kwa neno, mlio na masikio mazima: ni mkono wa nani uliostahili kuwekwa kwenye kiganja kile? Na ukiwekwa, ubane mara ngapi?