Mkeka wa Kwanza wa Mize

Hapo zamani, wala si zamani sana maana vidonge vya hospitali vilishakuwepo, palikuwa na msuka mikeka jina lake Mize. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Akisuka anaimba, akiimba anawatania wapita njia, na hakuna aliyechukia.

Mwaka mmoja akanyamaza. Hakufiwa, hakuachwa, hakugombana na mtu. Usingizi ukamkimbia, chakula kikakosa ladha, miaa yake ya kusukia ikamkaukia kapuni. Moyoni aliona heri asingekuwepo, na wazo hilo lilimtisha kuliko yote. Watu wakasema mvivu. Wengine wakasema ana shetani, apungwe.

Wifi yake Mosi akakataa. "Mvivu hunenepa. Huyu anakonda. Huyu ni mgonjwa." Akamkokota hadi hospitali, Mize akimtukana njia nzima, na kila tusi Mosi akaitikia, "Naam, wifi yangu."

Daktari Machano akamsikiliza bila kutazama saa. "Hii ni sonona," akasema. "Ni ugonjwa, kama presha ilivyo ugonjwa. Ndani ya ubongo mna kemikali zinazopelekeana habari, na dawa hii huzisaidia kufanya kazi yake. Haikuleweshi wala haikupi furaha ya bandia. Lakini huchukua wiki kadhaa. Wewe miaa ukiitia rangi, unaisuka papo hapo?"

"Naisubiri ikauke."

"Basi na hii isubiri. Na usiiache bila kuniambia."

Wiki ya kwanza ikawa kichefuchefu tu. Ya pili, kinywa kikavu. Mize akataka kuvitupa vidonge chooni. Lakini mumewe Pandu, fundi baiskeli, kila asubuhi alikaa naye sakafuni na kikombe cha maji, Mize akimeza, Pandu anasuka. Na Pandu hajui kusuka hata kidogo. Wiki ya tano Mize akautazama ukili, ule utepe wa miaa aliousuka Pandu, akasema, "Mume wangu, huu ni ukili au mkia wa ng'ombe?"

Pandu akalia machozi ya furaha. Ametaniwa.

Mosi naye akafurahi mpaka akapitiliza. "Wifi, umepona. Vidonge vya nini tena?" Mize akaviacha. Miezi miwili haikuisha, akarudi kitandani. Pandu akavikuta vidonge chini ya miaa, wakarudi kwa daktari, wakaanza tena, wakasubiri tena. Safari hii Mize alipona, na dawa hakuiacha mpaka daktari mwenyewe alipompunguzia kidogo kidogo.

Sasa, kwao kulikuwa na ada. Mkeka wa kwanza baada ya ugonjwa hauuzwi wala haukatwi. Hupewa mtu mmoja tu, yule aliyekuponya. Mize akasuka mkeka wa rangi saba, akapika pilau, akawaita wote watatu. Anawapenda wote, na hataki kumvunja moyo hata mmoja.

Mosi akashika pembe ya mkeka. "Nisingekukokota, leo tungekuwa tunakusomea hitima. Nilikosea baadaye, nakiri. Lakini nani mwingine aliona?"

Daktari akashika ya pili. "Kuona ni kuona. Aliyeujua ugonjwa na dawa yake ni mimi. Na kwangu nalalia mkeka uliotoboka."

Pandu akashika ya tatu. "Dawa ikiwa kwenye pakiti haimponyi mtu. Zile wiki ambazo hakuna kilichosaidia, nani alikaa sakafuni?"

Mize akawatazama, akacheka, akashika pembe ya nne. "Na aliyemeza ni nani? Aliyeanza upya hali hata kuoga hataki? Mgongo huu nao unataka mkeka."

Wote wanne wakacheka, wakabishana, pilau ikapoa. Mkeka una pembe nne, na zote zimeshikwa. Haya, nyinyi mnaotabasamu hapo, msinikwepe: nani aachiwe mkeka?