Chui na Namba ya Hewani

Paukwa!
Pakawa!
Simu zenu ziko wapi?
Tumezilalia!
Zikilia?
Hatusikii!
Basi sogeeni, nanyi mlioko nyuma msinisukume, kiti hiki kina miguu mitatu na mimi nina tumbo.

Hapo zamani, si zile za kale sana bali zamani za juzi, wanyama wa Mlima Mawe walikuwa wameshapata simu. Kobe alikuwa nayo, Nungunungu alikuwa nayo, hata Kanga, ambaye hakuhitaji simu kwa sababu akizungumza anasikika vijiji vitatu, naye alikuwa nayo. Walizichaji kwa jua, na mwaka ule jua lilikuwa la kutosha na kubaki. Mito ilikauka. Madimbwi yakakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, ndani ya pango.

Chui akaenda akaiwekea mlango.

Alikoutoa mlango ule hatujui. Wengine husema aliuona mjini kwenye nyumba ya tajiri, akaupenda kuliko alivyompenda tajiri. Ulikuwa mlango wa chuma, unasema, tena wenye adabu kuliko mwenyewe. Ukiukaribia unasema, "Karibu. Namba yako ya simu, tafadhali." Ukiutajia namba, unakutumia tarakimu za siri kwenye simu yako. Ukizibonyeza, krak! unafunguka, unakunywa.

"Maji ni bure!" Chui akatangaza. "Mimi sitaki kitu. Nataka namba tu. Atakayekwama, namba yangu mimi nimeibandika hapo juu, anipigie. Mimi ni mtumishi wenu."

Wanyama wakatazamana. Mtumishi mwenye kucha kama zile! Lakini kiu ni kiu. Tena palikuwa na mwiko wa tangu mababu, kwamba penye maji hakuna kuuana, damu ikidondoka chemchemini maji yanakimbia. Chui mwenyewe aliuheshimu mwiko ule. Basi wakajipanga, wakataja namba, wakanywa, wakarudi makwao.

Adhuhuri, wakati kila kiumbe kimejilaza kivulini, Chui akatoka na simu yake. Akabonyeza namba ya Kanga, akatega sikio, akaimba polepole:

*Lia, kasimu, lia,*
*bwana wako kajilaza wapi?*
*Lia, kasimu, lia.*

Kriii! Kriii! Simu ikalia kichakani. Chui akanyata. Nya, nya, nya. Akaruka. Kwaa!

Majirani walipofika walikuta manyoya matatu na simu, bado inalia.

Sasa juu kabisa ya mlima ule, katika ufa wa mwamba, aliishi Bi Pimbi na watoto wake wanne. Mnamjua Pimbi: mdogo kama sungura, mnene kama mkate wa kumimina, mkia hana. Bi Pimbi alikuwa hajasajili namba. Watoto wake walilamba umande asubuhi, na siku ile hata umande haukuja.

Kitinda mimba akamwambia, "Mama, mate yameisha."

"Meza tena, mwanangu."

"Nimemeza. Yameisha kweli."

Bi Pimbi akaitazama simu yake. Akiizima, tarakimu zitaingia wapi? Akiifunga mlio, itatetemeka juu ya mwamba, drrr, drrr, na sikio la Chui linasikia mchwa akimeza chakula. Asipotoa namba, watoto watakufa kwa kiu. Akitoa namba, watakufa kwa Chui.

Akiwa katika mawazo hayo, pu! Korongo akatua mbele yake. Korongo alikuwa msafiri mkubwa. Amezunguka dunia nzima, na kokote alikokwenda alifika chakula kikiwa kimekwisha, ndiyo maana miguu yake iko vile.

"Hodi mwenye mwamba!"

"Karibu, mjomba. Maji ya kukupa sina."

"Sijayafuata. Nimekuja kupumzisha magoti, haya yanalalamika kila nchi kwa lugha yake." Akamtazama. "Mbona uso umekauka?"

Bi Pimbi akamweleza yote. Korongo akacheka mpaka mdomo ukagonga, kwa-kwa-kwa-kwa.

"Mama weh! Huko nilikopita watu hawagawi namba zao kama njugu. Kuna namba za hewani. Hazina laini, hazina kadi, hazina mfuko zinamokaa. Ziko kwenye ukurasa mtandaoni, zimepangwa kama nyanya za gengeni. Unachagua moja, unautajia mlango. Tarakimu zinaingia pale ukurasani, unazisoma, unajiondokea. Chui akiipiga hailii kwako. Hailii popote."

"Bei gani?"

"Za bure zipo. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Namba ya bure ni kama ubao wa matangazo: kila apitaye anasoma. Kwa kunywa maji, itumie. Kwa mlango wa nyumba yako, hata siku moja! Tarakimu zako zitasomwa na kila mwenye macho. Nami macho ninayo, sina kazi ya kuyapa, ningesoma."

Bi Pimbi akafungua ukurasa, akachagua namba, akashuka mpaka pangoni.

"Namba yako ya simu, tafadhali," mlango ukasema.

Akautajia. Akatazama ukurasa. Tarakimu zikaingia, tii! Akazibonyeza. Krak! Akanywa, akajaza mashavu yake mpaka akafanana na mpuliza zumari, akapanda mlimani kuwanywesha watoto, mmoja baada ya mwingine.

Adhuhuri Chui akatoka. Akabonyeza namba ya Bi Pimbi, akatega sikio, akaimba:

*Lia, kasimu, lia,*
*bibi yako kajilaza wapi?*

Kimya. Kisha ndani ya simu yake mwenyewe, sauti nyororo ya bibi wa mbali ikasema, "Umepiga namba ya mtandaoni. Acha ujumbe."

"Eee... ni mimi," Chui akasema, akajikuna. "Nilikuwa napita tu."

Bi Pimbi akamwambia Kobe. Kobe akamwambia Nungunungu. Nungunungu akamwambia kila mtu, kwa mbali kidogo, kwa ajili ya miiba. Kila mmoja akachagua namba yake ya hewani. Na kila adhuhuri Chui alipopiga, alipokewa na bibi yule yule mwenye sauti nyororo.

Chui ni mchoyo, si mjinga. Siku moja akasimama mbele ya mlango, amekonda, amenuna.

"Huyu bibi ana mashimo mangapi?" akanguruma. "Mnanichezea! Kesho asubuhi kila mtu aje na simu yake mkononi. Nitaipiga hapa hapa, mbele yangu. Isiyolia, mwenyewe hanywi!"

Kobe akaingiza kichwa ndani, akaongea humo humo: "Tumekwisha."

"Bado," Bi Pimbi akasema. "Kobe, namba ya Chui si imebandikwa juu ya mlango?"

"Imebandikwa. Ukikwama, piga."

"Basi sisi tumekwama. Tena tumekwama sana."

Akapanda mlimani, akachungulia. Chini, kwenye nyasi, Chui alikuwa anamnyemelea Swala. Nya, nya, nya. Amekunja miguu. Anakaribia kuruka. Bi Pimbi akabonyeza.

Kriii! Kriii! Swala akaruka, huyoo, vumbi tu.

"Haloo!"

"Shikamoo bwana mkubwa. Tarakimu hazijafika."

"Marahaba! Si ungoje!"

Akamnyemelea Ngiri. Nya, nya, nya. Kriii! Kriii! Ngiri akanyanyua mkia, huyoo!

"Haloo!"

"Bwana mkubwa, Kobe hapa. Nili... sema... nilikuwa..."

"Sema upesi!"

"Nimesahau."

Akamnyemelea Kwale. Nya, nya, nya. Kriii! Kriii! Kwale, furrr!

"Haloo, bwana mkubwa, Nungunungu naongea. Habari za nyumbani?"

Mnauliza kwa nini asiizime simu yake? Ni uchoyo! Kila mgeni aliyejisajili, mlango ulimpigia Chui kumpa taarifa, naye hakutaka kupitwa na hata mmoja. Mpaka jua linainama alikuwa hajala hata panzi. Akaja akakaa chini ya mwamba wa Bi Pimbi, akashusha pumzi.

"We Pimbi! Najua uko humo. Nifanyeje? Simu hii itaniua njaa."

Bi Pimbi akajibu kutoka ndani kabisa ya ufa. "Pole, bwana mkubwa. Hama. Chukua namba ya hewani, mlango uutajie hiyo ndiyo namba ya mwenye mlango. Hailii, haisumbui."

"Ndiyo mliyonichezea nayo?"

"Ndiyo hiyo."

Chui akacheka peke yake. Kumbe huu ndio ujanja wao! "Bei gani?"

"Ziko za kulipia, zako peke yako. Ziko na za bure."

"Bure?" Masikio yakasimama.

"Bure. Lakini sikufichi, za bure hutumiwa na watu wengi."

"Vizuri!" Chui akasema. "Kitu kinachotumiwa na wengi kimejaribiwa. Mimi nilipie hewa?"

Akafungua ukurasa, akachagua namba iliyokuwa juu kabisa, yenye sifuri nyingi, maana alipenda makubwa. Akaenda kuutajia mlango.

"Asante," mlango ukasema. "Kuanzia sasa tarakimu za mwenye mlango zitakwenda namba hiyo."

Chui akazima simu yake, akaenda kuwinda kimya kimya, roho kwatu.

Bi Pimbi akashuka pangoni, wanyama wote nyuma yake.

"Karibu," mlango ukasema. "Nani?"

Bi Pimbi akajibu, "Mwenye mlango."

"Tarakimu zimetumwa kwenye namba yako."

Bi Pimbi akafungua ukurasa. Kobe akafungua ukurasa. Nungunungu akafungua ukurasa. Tarakimu za Chui zilikuwa pale, peupe, kama nguo kwenye kamba. Bi Pimbi akazibonyeza.

Krak! "Habari za jioni, mwenye mlango. Nikusaidie nini?"

"Futa namba zote," akasema. "Andika yangu, ile ya laini yangu. Halafu funguka, ukae wazi kwa kila mtu, isipokuwa nitakayekutajia."

Asubuhi Chui akaja na kiu yake. Akakuta wote wamekunywa, mlango unamfungia yeye peke yake.

"Pimbi! Nipe maji!"

"Penye maji hatuuani, bwana mkubwa, hata kwa kiu. Utakunywa. Lakini nataka namba. Washa simu yako, iweke juu ya jiwe hilo. Naipiga hapa hapa, mbele yangu."

"Hiyo si sheria yangu?"

"Ndiyo. Tumeipenda."

Chui akaiwasha. Bi Pimbi akabonyeza. Kriii! Kriii!

"Hiyo ndiyo. Ikizimwa hata mara moja, hunywi. Ikilia usipopokea, hunywi."

Chui akanywa kwa aibu, lakini akanywa sana.

Toka siku hiyo, watoto wa Bi Pimbi hawatoki kucheza kabla hawajapiga simu. Wanajipanga juu ya mwamba na kuimba:

*Lia, kasimu, lia,*
*babu Chui kajibanza wapi?*
*Lia, kasimu, lia.*

Kriii! inalia nyuma ya kichaka cha miiba. Swala anahamia upande wa pili.

"Haloo," Chui anasema.

"Shikamoo babu! Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka na njaa."

"Pole, babu. Maji yapo."

Ndiyo maana hadi leo Chui anawinda mbali na Mlima Mawe, ambako namba yake haijulikani. Na husema watu kwamba kitinda mimba alipougua kikohozi akakaa siku mbili bila kupiga, aliyepiga ni Chui. "Nilikuwa napita tu," akasema.

Funzo, wanangu: mkweli hadhuriki. Ukiombwa namba yako, usifiche, usijitie ujanja, toa ile ya kweli, mlio juu. Msiponiamini mimi, mwulizeni Kanga.

Ngano yangu imekaa chini. Aliyeiona tamu aibebe kwa mashavu akawanyweshe wenzake. Aliyeiona chungu aache ujumbe, kuna bibi atampokea.