Habari ya Tatu ya Somoe

Dk. Lwitiko alikuwa akichovya andazi kwenye chai ofisini mwake, Somoe alipobisha hodi. Binti huyu alikuwa amefaulu masomo yote ya shahada ya uandishi wa habari, akabakiwa na sharti moja: habari iliyochapishwa gazetini, na barua ya mkuu wa idara kuthibitisha kwamba ameiandika yeye. Mkuu wa idara ndiye huyo mwenye andazi.

"Mbili za kwanza umezichapisha kwa jina lako, Daktari," Somoe alisema. "Hii ya tatu niachie, nihitimu."

"Haraka ya nini? Lete na hiyo. Mwakani utaandika nyingine."

"Hata jina langu lisikae chini ya lako?"

"Gazeti halina nafasi ya kuchezea, binti."

"Haya. Inahusu maadili ya walimu wa uandishi. Hutaisoma kwanza?"

"Nimesoma mpaka nikaitwa Daktari, nisome na vyako?" Akacheka, akatia saini, akaituma kwa mhariri.

Asubuhi iliyofuata gazeti lilitoka na picha yake, na juu yake maandishi makubwa: "Ninavyowaibia Wanafunzi Wangu Habari."

Alifika kwa mhariri shati halijafungwa vifungo. "Sikuiandika mimi!"

"Basi tuandikie ni nani, tukusafishe."

Dk. Lwitiko akanyakua kalamu, akathibitisha, kwa cheo chake na saini yake, kwamba habari ile, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, iliandikwa na Somoe.