Ufunguo wa Kabati la Bunduki

Mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe ni sawa na mtu anayeogopa kutumbua jipu: maumivu hayamwepuki, huyaahirisha tu. Mzee Demetrio alilijua hilo na alikuwa hodari wa kuwaonya wazazi wenzake. Ila kwa Consolato, mwanawe wa pekee, hekima hiyo ilimponyoka. Tangu mama yake afariki, kijana akiwa na miaka sita, Demetrio hakuwahi kumkatalia kitu.

Kila mwezi wa Mei, Demetrio alipanda kilele kinachotazamana na Sisilia kuhesabu mwewe wanaovuka bahari kutoka Afrika. Zamani alikuwa akiwatungua. Wanaume wa kijiji chake waliamini kwamba asiyeangusha mwewe msimu huo, mkewe atatoka nje ya ndoa, naye ataonyeshwa vidole viwili mfano wa pembe mpaka mwaka mwingine. Sheria ilipokaza kamba, Demetrio aliifungia kabatini bunduki ya marehemu babake, akashika darubini. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi.

Consolato alikuwa ameoa karibuni, na mkewe Mela alikuwa mjamzito. Tena Consolato alikuwa amepata kazi ya ulinzi wa msitu, aanze mwezi wa Juni. Jumamosi moja alirudi kutoka kwa kinyozi amefura kwa hasira.

"Baba, nipe ufunguo wa kabati."

"Wa nini?"

"Wamenionyesha pembe mbele za watu! Ati Mela mimba anayo, ila mwenyewe hajulikani. Mmoja tu, Baba. Nimwangushe mmoja, wafunge midomo."

"Mwanangu, maneno ya kinyozini hufagiliwa pamoja na nywele."

"Wewe si uliwaangusha wako? Hakuna aliyekucheka! Mimi ndiye niwe kikaragosi?" Machozi yalimlenga.

Neno la kusema Demetrio alikuwa nalo, tena fupi: hapana. Lakini machozi yale yalimrudishia mtoto wa miaka sita, amesimama mlangoni pa chumba cha mamake. Aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akaenda kumwagilia nyanya ili asimwone anayeuchukua.

Kesho yake mwewe walivuka kwa wingi. Demetrio alihesabu kwa sauti, naye Ilaria, binti aliyekuja kujitolea katika kambi ya walinzi wa ndege pale kileleni, akaandika.

"Mia mbili na kumi na wawili, kumi na watatu, kumi na wanne..."

Bunduki ikalia bondeni. Ikalia tena, mlio wa pili ukichelewa kidogo na kufifia. Demetrio aliacha kuhesabu. Mtutu wa kushoto wa bunduki ya babake ulikuwa na kasoro hiyo tangu yeye mdogo. Mwewe wa mwisho alikunja bawa moja, akaanguka.

Ilaria alikwisha kuwapigia simu askari wa wanyamapori, ndiyo desturi ya kambi kila bunduki inapolia. "Mzee, wanauliza ni upande gani. Umeona?"

Akisema, mwanawe atakosa kazi, kwani msitu haulindwi na mwenye kesi ya ujangili. Akinyamaza, miaka yake kumi ya kuhesabu itakuwa bure. Alinyoosha kidole bondeni, palipokuwa maficho yake ya zamani ya uwindaji.

"Kwenye kibanda cha mawe, chini ya jabali. Ni mwanangu."

Alishuka kuwapokea njiani. Askari mmoja alikuwa na bunduki, mwingine na mwewe ndani ya gunia. Consolato alitembea katikati yao, uso chini.

"Kazi imekwenda, Baba."

"Mimi ndiye niliyewaelekeza, mwanangu."

"Kwa hilo sikulaumu." Alizungumza polepole, bila hasira. "Nakulaumu kwa jana. Ungeninyima ule ufunguo, ningelia jioni moja tu. Asubuhi tungekunywa kahawa yetu kama kawaida."

Demetrio alipanda tena kileleni, akamkuta Ilaria anamngoja na kalamu mkononi.

"Niandike wangapi, Mzee?"

"Mia mbili na kumi na watatu," alisema, na machozi aliyoyakimbia jana yakamdondoka juu ya karatasi ya hesabu, mbele ya binti wa watu, bila kificho. Kweli, mchelea mwana kulia, hulia yeye.