Jinsi Nyani Alivyolisikia Joto la Dunia

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa msitu!
Msitu uko wapi?
— Umeingia tanurini!
Nani kautia?
— Tuambie wewe, sisi tulikuwa tumelala!

Basi amkeni, na anayetafuna aache kutafuna.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko chakula, Nyani alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira. Alikuwa na kifua kipana, mikono ya nguvu na tumbo lisiloshiba. Sheria alizitunga mwenyewe: mnyama yeyote asikate mti, asivunje tawi, asiwashe moto. Sungura alichemsha maji ya uji, akafokewa. Nungunungu alikoka vijiti viwili aote moto, akafokewa mpaka akajikunja.

Wakati huohuo, nyuma ya kichaka, Nyani alikuwa anachoma mkaa. Anakata miti, kwa! kwa! kwa! Anaipanga, anaifukia kwa majani na udongo, anaacha tundu moja juu la kutolea moshi, fuu! fuu! fuu! Mkaa ukiiva anauvusha mto, anawapa binadamu, nao wanampa ndizi mbivu. Akiulizwa moshi ule ni wa nini, anajibu, "Ni utafiti."

Akakata mninga, mninga ukaisha. Akakata mkongo, mkongo ukaisha. Ukabaki mvule mmoja mkubwa, na katika tundu la mvule huo alikaa Mama Perere na watoto wake. Perere mnamjua. Ni mnyama mdogo wa mitini, unaweza kumpakata, lakini akipiga kelele utatafuta pa kujificha.

Siku moja Nyani akaja na shoka begani, akaupiga mvule kofi, pwaa!

"Mama Perere, fungasha. Siku ya Kupanda Miti ikipita tu, huu unaingia tanurini."

"Siku ya Kupanda Miti, Mheshimiwa?"

"Kwani nimesema nini cha ajabu?"

Mama Perere akawatazama watoto wake, moyo ukamwuma sana. Mti mwingine wenye tundu haukuwapo, na mtoto wa perere akilala chini huliwa na chui kabla hajamaliza kupiga mwayo. Akalia kidogo. Halafu akajifuta machozi, akakaa akafikiri.

Sasa, Siku ya Kupanda Miti ilikuwa na desturi zake. Kila mwaka mgeni rasmi alikuwa Mzee Tembo, naye alipanda mche mmoja katika shimo lilelile. Mche ukapigiwa makofi, ukaachwa, hakuna aliyeumwagilia maji, ukakauka, na mwaka uliofuata shimo likawa tayari. Tena Mzee Tembo, kwa uzee wake, alihutubia amekaa. Na akiwa amekaa, ole wake kiongozi atakayesimama kabla yake!

Asubuhi ya sherehe Mama Perere akaenda mbio kwa Nyani.

"Mheshimiwa, shikamoo. Moshi wa utafiti wako unaonekana mpaka kwa Mzee Tembo!"

Nyani akashika kichwa. "Marahaba. Mama yangu wee! Nikilifukua tanuri sasa hivi, kuni zitashika moto na mkaa wote utakuwa majivu. Ndizi zangu!"

"Usilifukue. Litandike majani mabichi, liwe jukwaa kuu. Nani atautafuta mkaa chini ya Mwenyekiti?"

"Na tundu la moshi?"

"Likalie."

"Nisiweke kiti?"

"Kiti kina miguu, Mheshimiwa, moshi utapita katikati. Likalie mwenyewe, ulibane vizuri."

"Na joto?"

"La muda mfupi tu. Nasikia mwaka huu Mzee Tembo ana haraka."

Nyani akacheka. "Perere, una akili. Nitakuachia tawi moja ukumbuke kwenu." Akapanda jukwaani, akalificha shoka lake chini ya majani, akakaa juu ya tundu, akabana. Moshi ukakatika, kimya.

Mzee Tembo akaja, ndi! ndi! ndi! Akakaa. Akakohoa. Akasema, "Itifaki imezingatiwa," kisha akawataja wote mmoja mmoja, kuanzia Twiga mpaka Sisimizi na shemeji zake.

Kule chini, chiii!

"Ndugu zangu," akasema Mzee Tembo, "dunia inapata joto."

"Kweli kabisa!" akasema Nyani.

Chiii!

"Joto linapanda."

"Linapanda, Mzee! Linapanda!"

Chiii!

"Tusipochukua hatua tutaungua."

"Tunaungua! Tunaungua sasa hivi, jamani!" Nyani jasho linamtoka, meno yote nje, macho yamemtoka pima.

Wanyama wakapiga makofi. Mzee Tembo akatoa chozi. "Nimehudhuria mikutano mingi ya tabianchi," akasema, "lakini sijapata kuona kiongozi anayelisikia jambo hili namna hii."

"Ahsante, Mzee. Tupande mche twende tukale!"

"Bado maswali," akasema Mzee Tembo. "Demokrasia, Mwenyekiti."

Mama Perere alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Ahsante kwa kunipa nafasi. Kwanza nimshukuru mgeni rasmi. Pili niishukuru kamati. Tatu nimshukuru aliyetandika majani haya. Swali langu ni dogo, lakini lina vipengele."

"Uliza!" akalia Nyani.

"Naja huko, Mheshimiwa. Kabla ya swali, nitoe historia fupi ya eneo letu..."

Chiii!

"Uliza swali, Perere!"

"Je, ule mvule mkubwa, utakatwa?"

"Haukatwi!"

"Huku nyuma hawajasikia."

"HAUKATWI!"

"Na sisi tunaokaa humo?"

"Kaeni! Zaaneni! Mpaka vitukuu!"

"Na shoka, Mheshimiwa?"

"Chukueni! Chukueni shoka!" Akalichomoa majanini, akalirusha. Mzee Tembo akalipokea kwa mkonga, akalivunja mpini, ka!

"Ahsante sana," akasema Mama Perere. "Sasa nina swali la nyongeza."

Hapo Nyani akasahau desturi, akasahau mgeni rasmi, akaruka juu. "Yalaaa!" Nyuma yake moshi ukafumka, fuuuu! Tanuri likavuta hewa, kuni zikashika moto, mkaa wote ukawa majivu. Makalio ya Nyani hayakubakiwa na unyoya hata mmoja, na mpaka leo ni mekundu, nendeni mkamwangalie.

Mzee Tembo akashangaa. "Hii nini?"

"Nishati, Mzee," akasema Mama Perere.

"Safi?"

"Ilikuwa safi mpaka Mwenyekiti aliponyanyuka."

Mzee Tembo akatikisa masikio, akaridhika. Najua mnataka kuniuliza kwa nini Mama Perere hakumshtaki Nyani palepale. Angemshtaki, ingeundwa kamati ya uchunguzi. Na mwenyekiti wake angekuwa nani? Eeh, mmeanza kunielewa.

Basi Mzee Tembo akaamua kwamba aliyelisikia joto kiasi kile hafai kubaki msituni. Nyani akapelekwa mkutano wa dunia nzima, ng'ambo huko, akawaeleze wakubwa. Akaenda, kitambaa kibichi kimefungwa kiunoni. Mvule hakuugusa tena, maana alikwisha ahidi mbele ya msitu mzima, na shoka hana. Watoto wa Mama Perere wakakua humo humo juu, chui akabaki kuwatazama kwa chini.

Ngano yangu imefika mwisho. Utamu wake chukueni nyinyi, majivu mniachie mimi, na mwenye kiu akanywe maji akalale.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: mkiwa mkutanoni msiulize maswali marefu. Mnawachosha viongozi bure.